Majani ya Kunde Hayana Bei

Bi Nuru alinipigia simu asubuhi moja nikiwa chuoni, nikisahihisha sura ya tasnifu yangu ya uzamifu, akaniambia kwa sauti yake ile isiyopanda wala kushuka kwamba Mzee Galgalo ameaga dunia na kwamba walikwisha kumzika. Nilisema yale yanayopaswa kusemwa, nikauliza hali ya mjane na watoto, nikamshukuru kwa kunikumbuka, kisha nikarudi kwenye jedwali lililokuwa wazi mbele yangu na kulitazama hadi tarakimu zikaacha kumaanisha kitu. Nimejiuliza sana tangu siku hiyo, pengine kupita kiasi, kwa nini kifo cha mtu niliyekaa karibu naye mwaka mmoja tu kimenitikisa namna hii. Hakuwa jamaa yangu. Hakunifundisha darasani. Katika tasnifu yangu ya kwanza jina lake halimo, kwa sababu utaratibu wa utafiti ulitaka washiriki wasitajwe majina. Hata hivyo, kila nikikaa kuandika, mwaka ule wa Garsen hunijia wote kwa pamoja, na nimeona ni heri niuandike kwa mpangilio kuliko kuuacha uniingilie vipande vipande katikati ya kazi nyingine.

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili wa lishe ya mifugo, na chumba changu kilikuwa nyuma ya hoteli ya Bi Nuru, mwanamke wa Kipini aliyehamia Garsen baada ya kuolewa na akabaki huko baada ya kufiwa na mumewe. Chumba kilitenganishwa na hoteli kwa ukuta wa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimekauka zikaachana, hivi kwamba mwanga wa hotelini uliniingilia kwa mistari na mazungumzo yaliniingilia bila mistari yoyote. Kulikuwa na kitanda cha kamba, meza iliyoyumba hadi niliposukuma kipande cha kandambili chini ya mguu wake, na feni iliyozunguka tu umeme ulipotaka. Kwenye meza hiyo niliweka kipakatalishi changu, ambacho Bi Nuru alikifunika kwa kanga kila nilipotoka, akisema vumbi la Garsen halina adabu. Asubuhi nilikula mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali, na siku ambazo gari la Kipini lilileta samaki, Bi Nuru aligonga mbao kwa mwiko na kuniita, "Ndoo ule, mwanangu, hiyo mashine haitakimbia." Sikuwahi kula vizuri hivyo nilipokuwa chuoni, na ninashuku kwamba sehemu ya ukarimu wa kumbukumbu hizi inatokana na nazi.

Mzee Galgalo nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa Muorma wa makamo, mfugaji, mwenyekiti wa kikundi cha familia kadhaa za jirani zilizokubaliana kuweka mafahali wao katika zizi moja, wawalishe kwa mpango na kuwauza wakiwa wamenona kabla kiangazi hakijawamaliza. Siku za mnada wa ng'ombe alikuja kunywa chai ya maziwa hotelini, na alikaa kwenye benchi lililoegemea ukuta wangu, kwa hiyo sauti yake ilinifikia kana kwamba ameketi juu ya mto wangu.

"Bi Nuru," alisema siku ya kwanza, "huyo msichana wa kompyuta yuko?"

"Yuko, yuasoma. Wamtakiani?"

"Nataka aniambie siku ya kuuza. Sisi ng'ombe tunajua. Siku ya kuuza ndiyo hatujui. Tunangoja, tunangoja, mpaka ng'ombe anabaki ngozi, halafu tunampeleka kwa mnunuzi tunamwomba asiangalie mbavu."

"Na hiyo kompyuta yajua ng'ombe kukushinda wewe?"

"Haijui. Lakini haina huruma. Mimi nikimwangalia fahali, namwona mama yake. Kompyuta inaona nyama tu. Hiyo ndiyo nataka inisaidie."

Nilikuwa nimekwenda Garsen nikiwa nimejiandaa kumshawishi mtu kama yeye. Nilikuwa na hotuba, tena nilikuwa nimeikariri. Sikuitumia hata siku moja. Nilitoka nje nikamsalimu, akanitazama juu hadi chini, akamwambia Bi Nuru kwamba msichana huyu naye angefaa kuwekwa zizini kwanza anenepe, na kuanzia hapo akaniita daktari, cheo ambacho bado ninakitafuta.

Programu niliyokuwa nayo haikuwa ya ajabu. Uliiambia uzito wa fahali na kiasi unachotaka aongezeke. Uliiambia ni vyakula gani vinavyopatikana, kila kimoja kina nguvu na protini kiasi gani, na kinauzwa bei gani. Nayo ilitafuta mchanganyiko ambao ungemtosheleza fahali kwa gharama ndogo kuliko yote. Kisha ilikuonyesha siku ambayo kumlisha zaidi kungekula faida badala ya kuiongeza. Niliipenda programu ile kwa mapenzi ambayo leo ninayaonea huruma kidogo. Nilipenda jinsi ilivyokubali mkanganyiko wote wa zizi, na nzi wake, na mvua zake zisizokuja, ikarudisha safu moja ya majibu iliyonyooka.

Tulikaa kwenye benchi, kipakatalishi kikiwa juu ya magoti yangu, tukaingiza vyakula kimoja kimoja. Maganda ya mathenge yaliyosagwa. Mti ule umeivamia nchi yote ya Tana, na vijana waliyaokota na kuyauza kwa gunia. Pumba za mchele. Molasi. Mashudu ya pamba, yaliyotoka mbali na kwa hiyo yalikuwa ghali. Kwa kila kimoja Mzee Galgalo alitaja bei bila kusita, na mara mbili alimwuliza mtu apitaye ili ahakikishe. Kisha tukafika kwenye majani makavu ya kunde, yale yanayobaki shambani baada ya mavuno.

"Hayo hayana bei," alisema.

"Hata kidogo, Mzee?"

"Daktari, hayo ni ya shemeji yangu Hadhula. Nani anauziwa majani na shemeji yake?"

Nilimwuliza kama kuna mahali pengine ambapo majani ya kunde huuzwa, ili nipate bei ya kukadiria. Alifikiri kwa uaminifu, akasema hajawahi kusikia. Programu haikuruhusu kisanduku kiachwe kitupu. Niliandika sifuri.

Sharti nieleze Bi Hadhula alikuwa nani. Alikuwa Mpokomo, mkulima, mjane, aliyezaliwa upande wa Ndera na kuolewa huku chini, na shamba lake lilikuwa ukingoni mwa mto karibu na mahali ambapo ng'ombe wa Mzee Galgalo walishuka kunywa maji. Mumewe marehemu na Mzee Galgalo walikuwa marafiki, na baba zao vilevile, kwa urafiki wa aina ile inayorithiwa kati ya nyumba ya mkulima na nyumba ya mfugaji, ndiyo maana yeye na Mzee Galgalo waliitana shemeji. Kando ya shamba lake ilipita malka, ndiyo njia ya ng'ombe inayokatiza kati ya mashamba hadi mtoni. Katika nchi ile malka ni jambo zito kuliko mpaka wa wilaya. Mfugaji asiyekuwa na malka hana maji. Mkulima ambaye ng'ombe wamepita shambani kwake pasipo malka hana mavuno. Na kila mtu mzima anakumbuka damu iliyowahi kumwagika mahali ambapo pande mbili zilishindwa kuelewana kuhusu njia kama hiyo. Watu walitaja mambo hayo kwa kushusha sauti na kwa sentensi fupi. Malka ya Bi Hadhula haikuwahi kuwa na kesi. Mzee Galgalo alisema hivyo kwa fahari ambayo wengine huiweka kwa watoto waliofaulu mitihani.

Programu ilipomaliza hesabu yake, ilikuwa imefuta mashudu kabisa na kujaza majani ya kunde hadi kiwango cha juu ilichoruhusiwa. Hakukuwa na ajabu: ilikuwa imepata protini ya bure. Mzee Galgalo alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Hii mashine ni Muorma kabisa," alimwambia Bi Nuru. "Imekataa kutoa pesa." Bi Nuru alijibu kwamba basi na ije ilipe deni la chai, na watu wa benchi jirani wakacheka wakiungana naye. Nilicheka pia. Nilikuwa na furaha ya mtu ambaye kazi yake imeeleweka.

Mavuno yalipokwisha, kikundi kilipeleka mikokoteni ya punda kwa Bi Hadhula kuchukua majani. Kwa miaka mingi mambo hayakuwa yakifanyika hivyo. Kwa kawaida ng'ombe wa Mzee Galgalo walikwenda wenyewe, wakaingia shambani baada ya mavuno, wakala mabua ya mahindi na majani ya kunde hapohapo, wakalala siku kadhaa, na maziwa ya ng'ombe hao yakaingia jikoni kwa Bi Hadhula kwa muda wote waliokuwa wageni wake. Sasa mafahali walikuwa zizini, uwandani, mbali na mto, wakinywa maji ya kisima yaliyovutwa kwa pampu, na majani yaliwafuata kwa mkokoteni. Mpango ulitaka hivyo. Fahali anayetembea huchoma nguvu tunazomlisha. Ng'ombe wa maziwa nao walibaki malisho ya mbali, kwa kuwa hawakuachiwa majani shambani. Bi Hadhula alipoombwa mkokoteni wa kwanza alisema chukueni, na wa pili chukueni, na kila uliofuata alisema vivyo hivyo, hadi shamba likabaki jeupe kama uwanja uliofagiwa.

Nilikwenda kumtembelea wakati huo kwa sababu nilihitaji kupima sampuli ya majani. Jiko lake lilikuwa la udongo na makuti, safi sana, lenye harufu ya moshi na ndizi zinazoiva. Alinipikia samaki wa mtoni kwa ndizi mbichi, akakaa kwenye kibao akinitazama nikila, mwanamke mrefu mwenye mikono mipana, akaniuliza mambo ya kwetu bila kupeleleza. Kisha, akiwa anakoka moto, aliuliza habari za zizi.

"Wanaendelea vizuri," nilisema. "Wameongezeka uzito."

"Alhamdulillahi. Na Galgalo hajambo?"

"Hajambo. Ana shughuli nyingi."

"Ndiyo. Mwaka huu ng'ombe hawakuja kunisalimia."

Alisema hivyo kwa tabasamu, na nilitabasamu, nikidhani ni utani wa mtu aliyezoea kelele za ng'ombe. Nilifungasha sampuli yangu. Nilipokuwa njiani kurudi sentensi ile ilianza kunizunguka kichwani, lakini nilikuwa mtu ambaye sentensi nyingi zilimzunguka kichwani, na sikujua bado kuzipanga kwa uzito. Leo ninaweza kuiandika yote kwa mstari mmoja: mafahali hawana maziwa, na samadi yote ilikuwa ikirundikana zizini uwandani. Kila kitu ambacho nyumba moja iliipa nyumba nyingine kilikuwa kimesimama katika msimu uleule, isipokuwa majani, ambayo yalikuwa yameongezeka. Hakuna aliyeamua hivyo. Nimelipitia jambo hili mara nyingi, nikitafuta mahali ambapo mtu fulani alipaswa kujua, na kila mara ninakuta watu watatu waliosema kweli. Yeye aliulizwa akatoa. Mzee Galgalo aliulizwa bei akasema hakuna. Mimi niliandika nilichoambiwa.

Kiangazi kilikuwa kimeshika sana pampu ya kisima ilipoungua. Fundi alikuja, akaifungua, akatikisa kichwa, akasema kifaa kinachohitajika hakipo Garsen. Tangi la zizini likaisha. Mzee Galgalo hakuona shida kubwa. Mto ulikuwapo na malka ilikuwapo. Asubuhi iliyofuata walifungua zizi, na mafahali wakaanza kwenda mtoni taratibu, wazito, wasiozoea tena kutembea, wakisukumwa na vijana wa kikundi. Nilikwenda nao kwa miguu kwa sababu nilitaka kuandika jinsi mwendo ungewaathiri. Tulikuwa tumekaribia mashamba nilipoona Mzee Galgalo, aliyekuwa mbele, akinyanyua fimbo yake juu na kuishikilia hapo. Vijana wakawazuia ng'ombe. Nilipomfikia alikuwa akiitazama malka. Kuanzia ilipoanzia hadi chini ukingoni, mahali ambapo udongo bado ulikuwa na unyevu, ilikuwa imepandwa kunde. Zilikuwa zimeota, majani mawilimawili, mistari iliyonyooka vizuri.

Ninaamini nimewahi kuwa na hofu zaidi ya siku ile, lakini sikumbuki lini. Mafahali walikuwa na kiu na harufu ya maji iliwafikia. Waliguna na kusukumana, na fimbo za vijana zilianza kufanya kazi kweli. Kijana mmoja wa kikundi alisema kwa sauti kwamba hii ni dharau, kwamba njia imefungwa kwa makusudi ili ng'ombe wafe. Wanaume wawili waliokuwa wakilima ng'ambo ya malka walisimama, majembe mkononi, wakatutazama, na mmoja akaita wenzake. Kipakatalishi changu kilikuwa mgongoni ndani ya mkoba. Nakumbuka niliuhisi uzito wake.

"Hakuna ng'ombe anaingia," alisema Mzee Galgalo. Hakupaza sauti.

"Mzee, wana kiu," alisema yule kijana.

"Naona. Mimi ndiye niliyewalea." Kisha akawageukia wale wakulima wawili, akawasalimu kwa majina, akauliza hali ya nyumbani kwao, na baada ya salamu zote kukamilika akawaomba wamwitie shemeji yake.

Bi Hadhula alikuja akitembea upesi, kanga kichwani, mikono ikiwa na udongo. Aliwatazama ng'ombe, akatazama kunde zake, na niliona jambo likimfikia usoni kabla hajasema.

"Shemeji," alisema, "mbona mmewaleta huku?"

"Pampu imekufa."

"Mimi nilidhani hawapiti tena. Nilisikia mnawanywesha huko huko."

"Tulikuwa tunawanywesha huko huko."

"Msimu mzima sikuona hata mkia. Hata ndama wa kupotea. Nikasema, basi, Galgalo amepata maji yake, njia amemaliza nayo, udongo unakaa bure." Alinyoosha mkono kuelekea kunde. "Ningejua kwamba bado unaitaka, ningegusa?"

"Usingegusa."

"Basi kwa nini hukuja kuniambia?"

 Mzee Galgalo alitazama chini, akachora kitu mchangani kwa fimbo. Yule kijana aliyesema dharau alifungua kinywa, akatazamwa, akakifunga.

"Nilikuwa na majani yako," alisema Mzee Galgalo. "Kila siku nayaona. Nikaona kama nimekuja."

 Bi Hadhula alifanya jambo ambalo sikulitarajia, kwa kuwa nilikuwa nikisubiri ama hasira ama machozi: alianza kupanga watu. Aliwaita wale wanaume waliokuwa na majembe, akawaita binti zake, akawaambia vijana wa kikundi waache ng'ombe kwa wazee, na akawasimamisha wote, Wapokomo na Waorma, mstari mmoja mrefu katikati ya malka, bega kwa bega, kutoka juu hadi ukingoni. Upande mmoja wa mstari ule kunde zingeokoka. Upande wa pili ndio ng'ombe wangepita, wachache wachache. Mimi pia nilisimama mstarini, kati ya binti yake mkubwa na yule kijana mwenye maneno, nikiwa na fimbo niliyopewa ambayo sijui niliifanyia nini. Mafahali wa kwanza walipita karibu sana hivi kwamba nilisikia joto la miili yao. Mmoja alinisukuma kwa bega na kijana yule akanishika mkono nisianguke, akasema, "Simama kama mlango, daktari, usisimame kama mgeni." Waliteremka, wakanywa, wakarudishwa kwa njia ileile, na kundi lingine likaachiliwa.

Ilipokwisha, nusu ya malka ilikuwa ya kijani na nusu ilikuwa matope. Mzee Galgalo alikwenda akasimama juu ya miche iliyokanyagwa, akaanza kusema kuhusu mbegu, kwamba kikundi kitamletea mbegu. Bi Hadhula alikuwa akijipangusa mikono.

"Hizo zilizokanyagwa nimewapa mimi," alisema. "Usiziulize. Nileteeni ng'ombe."

"Tukuletee wapi?"

"Shambani. Pale mlipofagia. Walale pale. Mto uko karibu, pampu ya nini?"

Zizi lilihamishwa wiki hiyohiyo, likasimamishwa juu ya shamba lake lililovunwa, na mafahali wakaingia wakiwa na pumba zao na mathenge yao na molasi yao, pamoja na majani ya kunde yaliyokuwa bado hayajaliwa. Hesabu yangu yote ya mwendo na maji ikabidi ifanywe upya, nami niliifanya, nikishukuru kupata jambo la kufanya. Nilipofika kwenye majani ya kunde niliinua kichwa. Tulikuwa tumeketi hotelini, Mzee Galgalo na mimi, benchi lilelile, na Bi Nuru alikuwa akipepeta mchele akituelekezea sikio.

Nilimweleza wazo langu, ambalo nilikuwa nimeliandaa kwa uangalifu mkubwa na ambalo nililiona zuri. Nilisema kosa ni ile sifuri. Tungeweza kukadiria thamani ya samadi na ya maziwa aliyokuwa akipata Bi Hadhula, tukaigawa kwa majani, na hivyo tukapata bei ya haki ya kuandika badala ya sifuri. Programu ingeacha kuyachukua kama kitu cha bure. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa makini, kama alivyomsikiliza fundi wa pampu.

"Ukiweka hiyo bei," aliuliza, "na siku moja mashudu yashuke bei, mashine itasema nini?"

"Itasema tupunguze majani ya kunde. Pengine tuyaache."

"Halafu mimi nitakwenda kumwambia Hadhula nini? Kwamba mashudu yameshuka?"

Alikielekezea kidole kisanduku cha majani.

"Ukiweka sifuri, inamfagia. Ukiweka bei, inamwacha. Futa mstari."

"Mzee, tukifuta, faida itaonekana ndogo. Itabidi turudishe mashudu kwenye mpango."

"Rudisha. Tutanunua."

"Lakini mafahali watakula majani kwa kweli. Wako shambani kwake. Jedwali halitakuwa sahihi."

Alimgeukia Bi Nuru. "Huyu msichana, wewe umemlisha samaki mara ngapi ambayo hakulipia?"

"N'zihesabu za nini?" alisema Bi Nuru, akiendelea kupepeta.

Nilifuta mstari. Nilikaa na kidole juu ya kitufe kwa muda ambao Mzee Galgalo aliuona, kwa sababu aliniambia kwa upole, kwa namna alivyozoea kusema na ng'ombe aliyesita mlangoni, kwamba hakuna kitakachokufa. Programu ilifikiri, ikarudisha mchanganyiko mpya wenye mashudu, na mwisho wa safu ikaonyesha faida nyembamba lakini faida. Kikundi kiliupitisha mpango ule. Wengine walinung'unika, na mmoja aliuliza kwa nini tumeharibu hesabu iliyokuwa nzuri. Mzee Galgalo alimjibu kwa Kiorma, kwa urefu, na sikupata tafsiri zaidi ya kwamba jambo limekwisha. Mafahali waliuzwa siku ambayo kompyuta ilisema, kabla mbavu hazijaonekana. Baadaye, mavuno ya msimu uliofuata yalipokwisha, ng'ombe wa maziwa wa Mzee Galgalo walishuka kutoka malishoni, wakaingia shambani kwa Bi Hadhula kama ilivyokuwa desturi, nami nikawepo siku mtungi wa kwanza wa maziwa ulipoingia jikoni mwake. Aliupokea kwa mikono miwili, akauweka kivulini, na akaendelea kunisimulia habari nyingine kabisa.

Nimefanya kazi na programu bora zaidi tangu wakati huo. Zinajua kuweka kikomo, zinajua kuweka kiwango cha chini, na zinaweza kukuambia kila sharti uliloweka linakugharimu kiasi gani. Katika tasnifu ninayoandika sasa ninazitumia zote, na ninaamini zina manufaa. Sijawahi kuwa miongoni mwa wanaosema kwamba wafugaji hawahitaji hesabu. Mzee Galgalo aliihitaji na aliitumia kila mwaka hadi kipakatalishi nilichomwachia kilipokufa, na Bi Nuru ananiambia hata baada ya hapo alikuwa akija hotelini na kumwomba kijana yeyote mwenye simu nzuri amtafutie siku ya kuuza. Nilichokosa kukisema kwa miaka yote hii, na ambacho sura ninayoisahihisha haina mahali pa kukiweka, ni kwamba alijua hasa ni sehemu gani ya maisha yake aliyotaka ihesabiwe, na sehemu iliyobaki aliizuia isihesabiwe, kama alivyowazuia mafahali wale wenye kiu mbele ya kunde changa.

Nilipotetea tasnifu yangu ya uzamili, chumba kilikuwa na baridi ya kiyoyozi na mtahini wa nje alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani aliyesoma kila ukurasa. Alifungua jedwali la mwisho na kuweka kidole juu yake. Mafahali wa kikundi, alisema, waliongezeka uzito kupita kiwango ambacho mchanganyiko wangu unaweza kueleza. Tofauti haikuwa ndogo. Alitaka kujua ziada ile ilitoka wapi. Nilikuwa nimetayarisha jibu la kurasa mbili kuhusu mizani, hali ya hewa na tofauti za mnyama mmoja na mwingine, na karatasi zilikuwa mbele yangu.

"Walipewa na jirani," nilisema.

"Walipewa nini?"

"Majani ya kunde."

Alitazama jedwali tena, mstari kwa mstari. "Hayamo humu."

"Hayamo. Mwenye ng'ombe alikataa yaandikwe, kwa sababu hayana bei. Hayakuwa ya bure, bali hayakuwa na bei."

Nilidhani atacheka, au atanirudisha mwaka mzima. Msimamizi wangu, kando yake, alikuwa ameinamisha kichwa. Mtahini alivua miwani, akaifuta, akaivaa, na akaniambia kwamba basi niandike hivyo, chini ya jedwali, ili anayesoma ajue. Niliandika kama tanbihi, kabla hata muda wa masahihisho haujaanza, nikiwa bado kwenye kiti kilekile na watahini wakikusanya karatasi zao. Katika tasnifu ile yote hiyo ndiyo tanbihi pekee isiyokuwa na tarakimu, na nilipoifungua tena baada ya simu ya Bi Nuru, ndiyo sentensi pekee niliyoweza kuisoma bila kutaka kubadili neno.